Sidi Mubarak Bombay, Msafiri wa Ziwa la Tanganyika

1. Swali la ziwa

Mji wa Ujiji uko upande wa mashariki wa Ziwa la Tanganyika, mwendo mfupi kusini ya bandari ya Kigoma. Mtu akisimama ufukoni pale wakati wa jioni huona mbele yake maji mapana, na ng'ambo ya maji milima ya Kongo, imefifia kama moshi. Usiku usio na mwezi huona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa juu ya ziwa kama nyota. Ziwa hili lina urefu wa kilometa 673, na kina chake hufika mita 1,470. Katika maziwa yote ya dunia ni moja tu lipitalo hili kwa kina, nalo ni Ziwa Baikal katika nchi ya Urusi.

Mito mingi huingia ziwani. Ruzizi huja kutoka kaskazini, na Malagarasi kutoka mashariki, na vijito visivyohesabika hushuka milimani. Basi, ikiwa maji haya yote huingia mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka, hutoka kwa njia gani? Watu waliokaa kando ya kila mto walijua jinsi mto wao ulivyokwenda. Lakini wasafiri waliotoka mbali, wakitaka kuchora ramani ya Afrika, walilitafuta jawabu la swali hili miaka 16.

Kati ya misafara ya namna hiyo iliyofika Ujiji katika miaka hiyo ilikuwako mitatu hii: ule wa mwaka 1858, ule wa mwaka 1871, na ule wa mwaka 1874. Viongozi wa misafara hiyo walikuwa watu mbalimbali, na majina yao yamo katika vitabu vingi. Lakini alikuwako mtu mmoja aliyekuwamo katika misafara yote mitatu. Mtu huyo alikuwa Mwafrika, na jina lake Sidi Mubarak Bombay. Hizi ndizo habari za maisha yake.

2. Mtoto aliyeibwa

Bombay alizaliwa yapata mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, upande wa kusini, karibu na mpaka wa sasa wa Tanzania na Msumbiji. Mama yake alikufa angali mtoto mchanga, hata hakuweza kumkumbuka vizuri. Alilelewa kijijini na baba yake, akaishi kwa furaha kama watoto wengine.

Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, walikuja wafanya biashara kutoka pwani pamoja na watu wao wenye bunduki na panga. Wakakizunguka kijile kijiji, wakadai mali waliyokuwa wamewakopesha watu wa pale zamani. Wanakijiji hawakuwa na kitu cha kulipa. Ndipo wanakijiji wakakimbia, lakini wengi wao wakakamatwa. Bombay alikuwa mmoja wa waliokamatwa. Baba yake hakumwona tena, wala hakujua kama alikufa siku ile au aliokoka.

Mateka wakapelekwa kwa miguu hata Kilwa, na kutoka Kilwa hata Unguja. Huko sokoni alinunuliwa na mfanya biashara Mwarabu, akapakiwa chomboni, akavushwa bahari hata Bara Hindi. Huko Waafrika wengi walikuwa wakiitwa Sidi, na jina la Bombay lilikuwa jina la mji mkubwa wa nchi ile. Jina alilopewa na wazazi wake halikuhifadhiwa. Hivi ndivyo utumwa ulivyofanya: ulimnyang'anya mtu kijiji chake, na baba yake, na hata jina lake.

Alitumika Bara Hindi miaka mingi, akajifunza Kihindustani. Hata bwana wake alipokufa, yeye akapata uhuru. Akashika njia ya baharini kurudi Unguja, akajiandikisha kuwa askari wa Sultani. Akapelekwa Chogwe, boma dogo lililokuwa juu ya mto Pangani.

3. Magofu ya Tongoni na boma la mtoni

Mwanzoni mwa mwaka 1857 walikuja katika pwani hiyo Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke. Karibu na Tanga waliyazuru magofu ya Tongoni. Hapo pana msikiti wa kale ulioanguka, na makaburi mengi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe, mengine yalijengwa na nguzo ndefu juu yake. Ni kazi ya Waswahili wa zamani, waliokuwa wakifanya biashara na nchi za ng'ambo ya bahari karne nyingi kabla ya siku zile. Mji wao ulikuwa umekwisha, miti imeota ndani ya kuta.

Kutoka hapo wageni wale walikwenda Pangani, wakapanda mto wenye mamba na viboko, wakipita vijiji vya ukingoni, mpaka wakafika Chogwe. Hapo ndipo walipomwona Bombay. Speke hakujua Kiswahili, lakini alijua Kihindustani, kwa kuwa alikuwa amekaa Bara Hindi. Akafurahi mno kumpata askari wa Kiafrika aliyeweza kusema naye. Bombay akaenda nao hata Vuga, mji wa mfalme Kimweri katika milima ya Usambara, nao wakamwona ni mtu wa kazi, mchangamfu, asiyeiba. Walipotaka kwenda bara, wakamwomba kwa mkuu wake, wakamchukua.

Tazama jinsi mambo ya dunia yanavyogeuka. Lugha aliyojifunza katika utumwa ndiyo iliyomfungulia njia ya safari zake zote.

4. Safari ya kwanza ya Ujiji

Msafara ulianza safari Juni 1857 kutoka Kaole, karibu na Bagamoyo, mahali penye magofu mengine ya misikiti na makaburi ya kale. Njia ilikuwa ya taabu. Wapagazi walichoka, wengine wakatoroka; kila mtemi alidai hongo kabla ya kuwaruhusu watu kupita; na homa haikumwacha mtu. Tarehe 7 Novemba wakafika Kazeh, palipo karibu na Tabora ya leo, wakapumzika. Kisha wakaendelea magharibi, wakauvuka mto Malagarasi katika mitumbwi ya Wavinza, ambao walijua kila kivuko cha mto wao, wakatoza ushuru kwa kila mzigo.

Tarehe 13 Februari 1858 wakapanda kilima chenye mawe na miiba. Burton alikuwa mgonjwa wa miguu, hawezi kutembea. Speke alikuwa mgonjwa wa macho, haoni vema. Kule juu Burton aliona mstari wa mwanga chini kwa mbali, akamwuliza Bombay ni kitu gani. Bombay akajibu kwa utulivu kwamba kwa maoni yake ndiyo maji yenyewe. Basi hivyo, Burton na Speke walipofika kwenye ziwa, aliyelitambua akawaambia alikuwa yule mtoto aliyeibwa kutoka kijiji cha Wayao.

Ujiji wa siku zile haukuwa mji mkubwa, bali vijiji vilivyokaribiana katikati ya michikichi na migomba. Sokoni watu waliuza samaki, mawese, na chumvi ya Uvinza. Na wafanya biashara wa pembe na watumwa walikuwa wamejenga nyumba zao. Bombay aliwaona watumwa wale wakipita, naye alijua habari zao kuliko mtu ye yote wa msafara.

5. Neno moja, kuingia au kutoka

Burton na Speke walitaka kujua kama mto mkubwa wa kaskazini unatoka ziwani au unaingia. Kama ungetoka, labda ungekuwa ndio mwanzo wa mto Nile, ambao wataalamu walikuwa wakiutafuta tangu zamani za kale. Basi katika neno hili moja, kuingia au kutoka, ndimo lilimokuwamo tumaini lao lote.

Mwezi wa Machi Speke na Bombay wakavuka ziwa kwa mtumbwi. Usiku mmoja wa dhoruba mdudu aliingia sikioni mwa Speke, akamtesa siku nyingi, hata akawa hasikii kwa sikio hilo. Wakafika kisiwa cha Kasenge, karibu na pwani ya magharibi, kwa Sheikh Hamed bin Sulayyim, wakamwuliza habari za mto. Sasa fahamu jinsi mazungumzo yalivyokuwa. Speke alisema Kihindustani, Bombay akageuza kwa Kiswahili, Sheikh akajibu, na jawabu likarudi kwa njia ile ile. Speke akarudi Ujiji na habari kwamba uko mto mkubwa unaotoka ziwani upande wa kaskazini.

Mwezi wa Aprili wote wakaondoka Ujiji kwa mitumbwi miwili, kwenda kuutazama mto huo. Walipita kijiji baada ya kijiji, wakilala ufukoni. Wapiga makafi waliimba mchana kutwa, wakashika miiko yao. Hawakuruhusu mabaki ya chakula yatupwe majini. Hatimaye wakafika Uvira, karibu na kichwa cha ziwa. Wenye mitumbwi wakakataa kwenda mbele, wakiogopa vita.

Pale Uvira wakaja vijana watatu, wana wa mtemi wa nchi. Wakaulizwa habari za Ruzizi. Wote watatu wakajibu kwamba mto ule unaingia ziwani, hautoki. Burton alivunjika moyo kabisa. Ndipo Bombay akasema kwamba Speke alikosa kuyafahamu maneno ya Sheikh Hamed. Sheikh naye alikuwa amesema juu ya mto unaoingia.

Si jambo jepesi kwa mtumishi kusema kwamba bwana wake amekosea, hasa wakati bwana huyo amesafiri miezi mingi kwa ajili ya kosa hilo. Bombay angaliweza kunyamaza, naye asingalilaumiwa. Lakini mkalimani anyamazaye anapojua kosa huwaacha watu wake wapotee.

6. Pigo, na kurudi kazini

Msafara ulirudi Kazeh, na Speke, akiwa na Bombay, akaenda kaskazini, akafika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, akaiona Nyanza kubwa. Akasadiki kwamba ndiyo chanzo cha Nile. Burton hakusadiki, na urafiki wao ukavunjika. Mwaka 1860 Speke akaja tena, pamoja na James Grant, na Bombay akaenda nao. Walipita Karagwe na Buganda, na Julai 1862 Speke akafika mahali Nile inapotoka katika Nyanza. Kisha wakaufuata mto hata Misri.

Katika safari hiyo siku moja Speke alikasirika, akampiga Bombay kwa ngumi mara tatu, hata damu ikatoka, mbele ya watu aliokuwa akiwaongoza. Bombay akaondoka, akikataa kumtumikia tena. Hakuwa mtumwa sasa. Alikuwa mtu huru mwenye mkataba, naye alijua tofauti yake. Baadaye walipatana, akarudi kazini. Speke mwenyewe aliandika kwamba jambo lile lilimvunjia heshima yeye aliyepiga. Baada ya safari ile, Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa Bombay nishani ya fedha.

7. Ujiji mara ya pili

Mwaka 1871 alifika Unguja Henry Stanley, aliyetumwa na gazeti la Marekani kumtafuta Dokta Livingstone, ambaye habari zake zilikuwa zimepotea. Stanley akamwajiri Bombay awe mkuu wa askari wake. Stanley alikuwa mtu mkali. Alimpiga Bombay kwa fimbo zaidi ya mara moja, na katika kitabu chake alimcheka. Hata hivyo Bombay hakuuacha msafara njiani. Katika mto Malagarasi punda mmoja, aliyevushwa kwa kuogelea, alikamatwa shingoni na mamba, akazama mbele ya macho yao.

Mwezi wa Novemba wakaingia Ujiji, bunduki zikilia kwa furaha, wakamkuta Livingstone yu hai, dhaifu na maskini. Mahali pa mkutano ule, chini ya miembe, pana ukumbusho hata leo. Siku chache baadaye Livingstone na Stanley wakaenda kwa mtumbwi hata kichwa cha ziwa, wakauona Ruzizi kwa macho yao. Mto unaingia. Maneno ya wale vijana wa Uvira, yaliyosemwa miaka 13 kabla, yalikuwa kweli tupu.

8. Ujiji mara ya tatu, na jawabu

Mwaka 1873 Bombay, ambaye sasa alipita umri wa miaka 50, akashika njia ile ile tena pamoja na Verney Cameron, aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Walipokuwa wagonjwa wa homa huko Unyanyembe, Chuma akafika na habari ya huzuni. Livingstone amekufa, naye Chuma na Susi na wenzao wanauchukua mwili wake hata pwani. Cameron akaendelea hata Ujiji, akafika Februari 1874, akazipata karatasi alizoziacha Livingstone, akazipeleka pwani.

Kisha wakachukua mashua mbili, wakalizunguka ziwa upande wa kusini, wakipima na kuandika. Cameron alihesabu mito 96 iliyoingia ziwani. Mwezi wa Mei, upande wa magharibi, wakafika penye pengo katika milima. Hapo palikuwa na mto uitwao Lukuga, ambao wenyeji walisema unatoka ziwani. Wakaingia, wakaona maji yakiwachukua kwenda magharibi. Baada ya maili chache nyasi na matete yaliyoelea yakawazuia. Lakini jawabu lilikuwa limepatikana. Mito 96 huingia, na mmoja hutoka. Leo tunajua ya kuwa Lukuga huingia katika mto Lualaba, na Lualaba ndio mto Kongo, na maji ya Ujiji huishia katika Bahari ya Atlantiki.

Naye Bombay alikwenda upande ule ule wa maji. Msafara ulivuka ziwa, ukapita Nyangwe, ukavuka nchi za katikati ya bara kwa njaa na taabu nyingi. Novemba 1875 wakatokea katika pwani ya Atlantiki, karibu na Benguela. Mtoto aliyefukuzwa kwa bunduki hata Bahari ya Hindi alikuwa sasa amevuka Afrika kwa miguu yake kutoka bahari hata bahari.

9. Mwisho wake

Alirudishwa Unguja kwa njia ya bahari. Mwaka 1876 Chama cha Jiografia kilimpa malipo ya uzeeni. Safari zake zote hukadiriwa kuwa kilometa 9,600, na sehemu kubwa alikwenda kwa miguu. Akafa tarehe 12 Oktoba 1885.

Bombay hakuwa mtu asiye na kosa. Waliosafiri naye waliandika kwamba alisahau vitu, na kwamba alipenda pombe. Wala hakuandika kitabu. Tunayojua juu yake yameandikwa na wale aliowatumikia. Lakini tukivisoma vitabu vyao kwa makini tunamwona kila mahali. Yumo kivukoni akibishana juu ya ushuru, yumo juu ya kilima akionyesha maji, yumo katikati ya watu wasiosikilizana lugha, akibeba maneno yao huku na huku.

Wengine walikuja Ujiji kutafuta sifa, na wengine kutafuta pembe. Bombay alikuja kwa ujira wake, akafanya kazi yake, na neno lilipopotoka akalinyosha. Hata wewe, usimamapo ufukoni pa ziwa lile na kulitazama, ukumbuke kwamba ramani yake haikuchorwa na wenye kalamu peke yao.

MASWALI

1. Bombay alichukuliwaje utumwani, naye alipataje uhuru wake?
2. Kwa nini Speke alifurahi kumwona Bombay huko Chogwe?
3. Wana wa mtemi wa Uvira walisema nini juu ya mto Ruzizi? Bombay naye alisema nini?
4. Eleza kwa nini Bombay aliondoka alipopigwa na Speke.
5. Chora ramani ya Ziwa la Tanganyika. Onyesha Kigoma, Ujiji, Uvira, na mito Ruzizi, Malagarasi na Lukuga. Onyesha kwa mshale maji ya kila mto yanakokwenda.